Sura ya Saba: Swali Ambalo Gichana Hakuuliza

Mwanaume akikosa, hukimbilia zawadi. Gichana Onchiri alikuwa amenunua kitenge, kilo mbili za nyama na chupa ya mafuta ya kujipaka, akavifunga nyuma ya pikipiki na kutoka Litein mchana kweupe kwenda kumrudisha mkewe. Njia nzima alifanya mazoezi ya maneno matamu. Alipofika kwenye lango la shule anakofundisha Winny, karibu na Boito, maneno yote yalikuwa yamemtoroka, na mvua ndiyo hiyo inaanza.

Tumwache hapo alowe kidogo, maana alistahili. Wewe uliyekutana naye leo nikuambie alichofanya, kisha uamue mwenyewe kama ni wa kuhurumiwa.

Gichana ni Mkisii wa Litein. Baba yake, Mzee Onchiri, alikuja ujanani kuchuna chai kwenye mashamba makubwa, akadunduliza, akanunua kipande chake, akajenga. Gichana naye akafungua duka la dawa za mifugo sokoni. Winny Chepkorir, Mkipsigis wa Boito, mwalimu wa Kiingereza, aliingia dukani siku moja kutafuta dawa ya kupe ya ng'ombe wa baba yake, arap Mosonik. Akarudi tena, na tena. Kupe waliisha, dawa ikaendelea kununuliwa. Kwao Winny walinung'unika, kwao Gichana walinung'unika, lakini wawili hawa walikuwa wamependana hadi hawasikii la mwadhini wala la kengele ya kanisa, na kanisani wakaoana.

Sasa, Wakisii wana jambo wanaliita chinsoni, heshima na haya zikiwa zimesukwa ukili mmoja. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hashikani mkono na mke wa mwanawe. Chai ataletewa, salamu atapewa kwa mbali, ila kizingiti kile havuki hata nyumba ikiungua.

Siku ikafika mvua ya mawe ikaipiga Litein, majani ya chai yakabaki matambara. Mama Mokeira, mama yake Gichana, akitoka kwenye kikao cha akina mama kanisani, alipitia kwa mwanawe. Alichokikuta ni mumewe, Mzee Onchiri, amelazwa kwenye kitanda cha Gichana na Winny, amevaa suruali ya michezo ya Gichana, na mkaza mwana yuko kando anampangusa uso kwa taulo. Mama wa watu alipiga nduru mpaka majirani wakajaa uani.

Jioni wazee wa ukoo waliketi. Wakasema msichana hana adabu, wakasema kwao hawafunzwi, wakasema mengine ambayo sitayarudia. Mzee Onchiri alikuwa amejifunika blanketi, ameelekeza uso ukutani, kimya. Winny alisimama mlangoni akimtazama mumewe. Waliowahi kupendwa mnaujua mtazamo ule, wa mtu anayengoja upande wake useme. Gichana akaangalia viatu vyake. Mjomba mmoja akamwamuru Winny aende kwao mpaka mambo yatakaswe kwa mbuzi, na yule mwanaume wa dawa ya kupe akafungua mdomo kusema, "Pengine ni vizuri uende kidogo."

Ndiyo hivyo. Endelea kumhurumia kama unaweza.

Mvua ilipozidi, Gichana alijibanza chini ya ukingo wa paa la darasa la mwisho. Dirisha lilikuwa wazi. Sauti aliyoisikia ndani ilimfanya moyo umruke, kwa sababu alikuwa ameikosa hata kwenye simu. Winny alikuwa akifundisha Kidato cha Nne ile tamthilia ya kale ya Kiingereza, ya jemadari mgeni aliyemwoa binti wa wenyeji kwa mapenzi makubwa, halafu akajazwa maneno masikioni hadi akamuua mkewe kitandani. Darasa lilikuwa limechemka, Kiingereza kimeshawashinda, wanabishana kwa Kiswahili.

"Madam, mimi nasema kosa ni la bibi," mvulana mmoja alisema. "Si angejitetea mapema?"

"Angejitetea aje na hajaulizwa?" msichana akamrukia.

"Nelvine, ngoja mwenzako amalize," Winny alisema. "Haya. Mmesema ndoa hii ni ya mapenzi. Baba alikataa, wakaoana. Watu walicheka, wakaoana. Sasa fungueni vitabu mnionyeshe pahali huyu mume amemuuliza mkewe swali la kweli, akanyamaza, akangoja jibu."

Kurasa zilifunuliwa. Gichana alizisikia moja moja, na kila ukurasa ulivyogeuzwa alihisi wanamgeuza yeye.

"Anauliza hapa, Madam," mvulana alijaribu.

"Hapo anahukumu. Swali ni la kujua. Huyo ameshajua, ama anadhani ameshajua."

"Kwa hivyo hakumpenda," Nelvine alisema.

Winny aliweka chaki chini. Gichana alisogeza sikio dirishani.

"Alimpenda," Winny alisema hatimaye. "Msiandike kwenye mtihani kwamba hakumpenda, nitawakata maksi. Alimpenda sana. Lakini aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa kumpoteza. Alikuwa mgeni kati ya watu, na mgeni hujichunga. Ukiwa na ndoa ya namna hiyo, wa nje ndio wanakuwa mume, mume mwenyewe anakuwa shahidi tu."

"Madam, kwani unalia?"

"Ni chaki. Andikeni."

Aibu ina namna nyingi. Kuna ile ya kuteleza sokoni watu wakakucheka. Hiyo huisha ukifika nyumbani. Kuna nyingine ambayo hakuna anayekucheka, hata hujaonekana, na bado unatamani kuvua uso wako uuweke mfukoni. Gichana alisimama chini ya paa lile masikio yakimwaka moto. Alifikiria kuondoka. Nusura aondoke, wallahi, lakini kengele ya chakula ikalia, mlango ukafunguka, na Winny akatokea akiwa na vitabu kifuani.

Walitazamana. Winny alikuwa amekonda kidogo. Macho ni yale yale.

"Umesimama hapo tangu saa ngapi?" Winny aliuliza.

"Tangu pahali pa kurasa."

Winny alitikisa kichwa, akashuka ngazi, akapita kando ya jiko la shule mpaka kwenye ua, pale ambapo chai ya jirani inaanzia. Gichana alimfuata na kifurushi chake mkononi. Mvua ilikuwa imepungua, imebaki ya rasharasha.

"Nimekuja kukuchukua," alisema.

"Kama gunia?"

"Winny, tafadhali. Nimekuletea..."

"Nimeona nyama inavuja. Gich, nyumbani umeaga unaenda wapi?"

Hilo hakulifanyia mazoezi. Aliangalia chai, akaangalia ua, akaona hakuna wa kumsaidia.

"Nimewaambia naenda Sotik kuulizia chanjo ya ng'ombe."

Winny alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Kwa hivyo hata leo mimi ni kitu cha kufichwa. Ulinifukuza mbele ya watu, unanirudisha kwa njia ya panya."

"Sikukufukuza."

"Ulisema 'uende kidogo'. Mama yako alinipigia nduru, nikavumilia, ni mama. Wajomba walinitukania kwetu, nikasema hawanijui. Nilikuwa nangoja mtu mmoja. Mmoja tu, Gich. Ungesema hata 'ngojeni kwanza', ningekaa nikaoshwa kwa mbuzi hata kumi."

Gichana alitaka kusema samahani. Neno lilikuwa dogo mno kwa kazi ile. Ndipo akakumbuka yale maneno ya darasani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mvua ya mawe akajua hajui.

"Winny," alisema taratibu, "ilikuwaje siku ile?"

Aliuliza, akanyamaza. Winny alimtazama kana kwamba anahakikisha ni yeye. Machozi yakamtoka, na safari hii hakusingizia chaki.

"Ungeniuliza usiku ule, ningekunong'oneza tu," alisema. "Baba yako alikuwa anatoka kupeleka majani. Mvua ya mawe ikamkuta njiani, na ile sukari yake ikashuka. Mama hakuwa nyumbani. Alikuja mpaka mlangoni kwetu, akabisha."

"Baba alibisha? Mlangoni kwetu?"

"Alibisha. Akasema, 'Mama, nifungulie, nakufa.' Nilifungua akaniangukia mikononi. Alikuwa ametetemeka hadi..." Winny aligeuza uso. "Alikuwa amejilowesha, Gich. Na si mvua. Ningemwacha hivyo sakafuni, ningoje wanaume watoke sokoni? Nilifumba macho kadiri nilivyoweza, nikambadilisha, nikampa maji ya sukari kwa kijiko. Alipopata fahamu alilia. Akaniambia, 'Usiniseme.' Nikamwambia sitakusema."

Gichana alishika mti wa ua. Alimwona baba yake na lile blanketi, uso ukutani. Akamwona mkewe mlangoni, amebeba siri ya mzee huku anatukanwa kwa ajili yake. Halafu akajiona mwenyewe akiangalia viatu. Alitamani ardhi ya Boito ipasuke immeze na kifurushi chake cha nyama.

"Leo hii watajua," alisema, akitoa simu. "Mama atajua, wajomba watajua. Watakuja hapa kukupigia magoti."

"Thubutu."

"Lakini huna makosa."

"Ukimtaja, utakuwa umemvua mzee nguo mara ya pili, na safari hii mbele ya ukoo mzima. Nilimpa neno langu. Nimekuambia wewe kwa sababu umeniuliza, na wewe ni mume wangu." Alipangusa uso kwa mgongo wa mkono. "Halafu mimi sitaki kurudi kwa sababu nimeshinda kesi. Mke si mshtakiwa. Ningekuwa nimekosa kweli je, ungekuwa upande gani?"

Hapo ndipo penye fundo lenyewe, msomaji wangu. Gichana alikuwa na neno moja ambalo lingemsafisha kila mtu isipokuwa baba yake, na ameambiwa alimeze. Alitakiwa awakabili watu wake mikono mitupu. Alipiga namba, akaweka sauti ya nje.

"Gichana," Mama Mokeira aliitika. "Umefika Sotik?"

"Sikuenda Sotik, Mama. Niliwadanganya. Niko kwa Winny."

Kwa mbali jogoo aliwika kwenye simu.

"Amekuita?"

"Hajaniita. Nimejileta. Mama, siku ile nilinyamaza, na kunyamaza kwangu ndiyo aibu iliyoko nyumba ile. Winny ni mke wangu. Alilofanya, nimelifanya mimi. Mkitaka mbuzi nitamleta, lakini wa kutakaswa ni mimi."

"Unajua unachosema? Mwanamke amemlaza baba yako kwenye kitanda chako, na unamtetea. Kwa sababu gani? Nipe sababu moja ya kupeleka kwa wajomba zako."

Sababu ilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Gichana alimtazama Winny. Winny hakutikisa kichwa wala hakukonyeza, alimwachia.

"Sababu ni kwamba ni mke wangu," alisema. "Nyingine sina."

Mama Mokeira alishusha pumzi ndefu. "Baba yako yuko hapa, amesikia yote. Ameinuka ameenda nje bila kofia. Umefurahi sasa?" Simu ikakatika.

Walisimama wakisikiliza maji yakidondoka kwenye majani. Gichana alijiona amevunja kila nyumba aliyokuwa nayo. Alidhani Winny angemkumbatia, na mimi pia ningependa kuandika hivyo, lakini huyu ni binti wa arap Mosonik.

"Haya, umesema," Winny alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Sasa nenda. Jumamosi uje kwetu kwa mlango wa mbele, na mtu mmoja wa kwenu. Nilitolewa na watu, nitarudi na watu. Asipokuja mtu, Gich, tuambiane ukweli kwamba ndoa imekwisha. Sitakuwa mke wa mwanaume anayekuja akiwa ameaga kwamba anaenda Sotik."

"Nani atakubali kuja?"

"Hilo ni lako."

Na lilikuwa lake kweli. Aliwazungukia wajomba, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alimuuliza kama amelishwa kitu. Wa pili hakumkaribisha kiti. Mama yake alimpakulia chakula, akakiweka mezani, akaondoka bila kukaa naye. Baba yake hakuwa akionekana. Alikuwa akiamkia shambani na kurudi giza likiingia, na Gichana hakuthubutu kumfuata. Baba na mwana hawaongei mambo ya kitanda, hiyo nayo ni chinsoni.

Jumamosi asubuhi aliitoa pikipiki peke yake. Alishajua kitakachotokea. Atafika, wataangalia nyuma yake, hawataona mtu, na Winny atamuaga kwa adabu mbele ya wazazi wake.

Uani alimkuta Mzee Onchiri amevaa koti la kanisani.

"Tunaenda," mzee alisema.

"Baba, huko ni..."

"Najua ni wapi."

Akapanda nyuma. Gichana alihisi uzito wa mikono ya baba yake mabegani njia nzima.

Arap Mosonik aliwapokea sebuleni, pamoja na mkewe na kaka zake wawili. Winny alisimama karibu na mlango wa jikoni, kitambaa kichwani. Alipomwona Mzee Onchiri, uso wake ulibadilika, akainamisha macho.

"Mimi nilimwambia huyu mtoto wangu," arap Mosonik alianza, bila kuzunguka mbuyu. "Nilimwambia hawa jirani zetu ni watu wazuri, lakini sheria za nyumbani kwao atazijulia wapi? Hakusikia. Sasa mmemrudisha kama mtu aliyeiba. Mmekuja kuchukua vyombo vyake, ama mmekuja kusema nini?"

Gichana alifungua mdomo. Mzee Onchiri alimgusa goti, akasimama mwenyewe.

"Nimekuja kusema kwamba mimi ndiye nilibisha," alisema.

"Baba," Winny alisema kwa sauti ndogo, "si lazima."

"Mokamwana, niache." Ndivyo Wakisii wanavyomwita mke wa mwana, na tangu aolewe mzee hakuwahi kumwita hivyo mbele ya watu. "Wewe umenyamaza vya kutosha. Mwanangu naye amemnyamazia mamake kwenye simu, nilimsikia kwa masikio yangu. Alijua, na hakunitaja. Nikajiuliza, mimi mzee mzima nimebaki nimejificha nyuma ya watoto mpaka lini?"

Aligeuka kumtazama baba mkwe mwenziwe usoni.

"Siku ya mvua ya mawe nilikuwa nakufa. Nilibisha kwa huyu mtoto, akanifungulia. Nilifika mlangoni nimejilowesha kama mtoto mchanga, na haikuwa mvua. Alinisafisha. Wangu wa kuzaa hawajawahi kunifanyia hivyo. Halafu watu wakamtukana nikiwa pale pale, nimejifunika blanketi, na sikusema kitu. Adabu ilikosekana nyumba ile, ndiyo. Ilikosekana kwangu."

Mama yake Winny alikuwa amefunika mdomo kwa leso. Arap Mosonik alitazama sakafu, kwa sababu hata yeye alikuwa mzee, na alijua mwenzake ametoa nini.

Mzee Onchiri alibaki amesimama, hajui aketi au aondoke. Ndipo Winny akatoka kule jikoni na kikombe cha chai. Hakumkaribia. Hakumpa mkononi. Alikiweka kwenye meza ndogo, akarudi nyuma kichwa kikiwa kimeinama, mpaka umbali ule ule ambao mke wa mwana husimama mbele ya baba mkwe, kama vile hakuna siku mvua iliwahi kunyesha Litein.

"Karibu chai, tata," alisema, akimwita baba kwa Kikisii.

Mzee aliketi. Alilia kidogo, akanywa.

Gichana alisimama. Mbele ya baba yake, mbele ya wakwe, mbele ya wale kaka wawili waliokuwa wakimpima kwa macho, alifanya jambo ambalo mwanaume wa kwao hafanyi hadharani. Aibu ilimpanda hadi kwenye nywele, lakini leo hakuangalia viatu.

"Winny," aliuliza, "utarudi nyumbani na mimi?"

Kaka mmoja alikohoa. Winny alimtazama kwa muda mrefu, na pembe ya mdomo ikamcheza.

"Ngoja kwanza mzee amalize chai," alisema. "Halafu nitakujibu."

Naye Gichana, katikati ya watu wote wale, akasimama pale pale akangoja.